Ukuta, Wigo au Makuti? Maswali ya Wasomaji wa Kusini Kuhusu Ua wa Nyumba

Barua zilizotufikia msimu huu kutoka Mtwara na Lindi zimeelekea upande mmoja: wasomaji wanataka kuzungushia viwanja vyao na kuupendezesha uani. Haishangazi. Fedha za korosho huingia kati ya Oktoba na Desemba, minada ikiwa imepamba moto, na ndipo fundi wa ujenzi anapokuwa adimu. Tatizo ni kwamba mvua za kusini, ambazo ni za msimu mmoja, nazo huanza Novemba au Desemba na kuendelea hadi Aprili au Mei. Matokeo yake mtu huchimba msingi wa ukuta wakati ambao mtaro unajaa maji kila jioni, na papo hapo huyapoteza majuma machache ambayo wigo wa miti ungeweza kushika bila kumwagiliwa. Barua nimezifupisha kidogo, lakini maswali yamebaki yalivyo.

*Mhariri, habari za kazi. Nimejenga nyumba Shangani, Mtwara, si mbali na bahari. Fundi ananishauri nizungushe ukuta wa matofali ya saruji wenye kimo cha futi saba, kiwanja kizima. Jirani yangu alijenga wa namna hiyohiyo, na kipande kirefu kililala chini siku ya upepo mkali. Nifuate ushauri wa fundi, au kuna njia nyingine ya kupata faragha na usalama? — Msomaji wa Shangani*

Ndugu msomaji, fundi wako amefikiria mwizi, hakufikiria upepo. Kwenye mwambao wetu kusi, upepo utokao kusini, huvuma kwa miezi kadhaa mfululizo, takriban kuanzia Mei hadi Septemba, na mara mojamoja hutokea makubwa zaidi ya kusi: kimbunga kilichoipiga Lindi mwezi Aprili 1952 bado kinatajwa katika historia ya hali ya hewa ya nchi hii, Kenneth kilipita karibu sana nasi Aprili 2019 kabla ya kutua Msumbiji, na Hidaya kilifika Mei 2024. Ukuta usio na tundu hupokea nguvu yote hiyo kwa bapa lake, na mahali panapoumia ni pale chini unaposhikana na msingi. Kimo chake kikiongezwa mara mbili, nguvu ya kuupindua pale chini huongezeka mara nne. Ndiyo maana ukuta wa futi nne unaweza kusimama miaka mingi kwa ujenzi wa kawaida, ilhali wa futi saba uliojengwa na fundi yuleyule, kwa saruji ileile, ukaanguka.

Jambo la pili hugunduliwa na wengi wakiwa wamekwisha kulipa. Upepo ukigonga ukuta mzima huruka juu na kushuka upande wa pili kwa mzunguko, ukipeperusha vumbi na kuvunja mipapai iliyopandwa ndani kwa matumaini ya kukingwa. Kizuizi ambacho karibu nusu yake ni uwazi huupunguza upepo badala ya kuurusha, na utulivu wake huenea nyuma yake kwa umbali wa karibu mara kumi ya kimo chake. Kwa maneno mengine, safu ya mivinje yenye mita tano itakupa utulivu hadi mita hamsini hivi, kitu ambacho ukuta wako wa futi saba hauwezi kukupa.

Kwa hiyo ningejenga hivi. Ukuta mzima uishie futi tatu au nne kutoka chini, na juu yake yapangwe matofali yenye matundu, yale ya kupitisha hewa, hadi kufikia kimo unachokitaka. Mpita njia hataona ndani kwa urahisi, na upepo utapita. Kila baada ya mita tatu pawe na nguzo ya zege ambayo nondo zake zimeanzia ndani ya msingi, wala si nguzo iliyochomekwa baadaye kwa ajili ya urembo, na kila baada ya mita sita hivi uachwe mwanya mwembamba unaoukata ukuta toka juu hadi chini, ili joto linapoutanua na baridi inapoukaza usijichagulie wenyewe mahali pa kupasukia. Chini kabisa, kwenye usawa wa ardhi, acha matundu ya kutolea maji ya mvua. Ukuta usio na matundu hayo hugeuka bwawa mwezi Machi.

Saruji inatengenezwa hapahapa Mtwara na upatikanaji wake si shida. Kinachoziua kuta za karibu na bahari ni mchanga. Mchanga uliochotwa ufukweni una chumvi, na chumvi hiyo huila nondo ikiwa ndani ya zege. Nondo ikipata kutu huvimba, zege hupasuka kwa mistari iliyonyooka kufuata nondo, kisha vipande huanza kubanduka. Ukipita mitaa ya karibu na ufukwe utaiona mistari hiyo kwenye nguzo nyingi za mageti. Nunua mchanga wa mtoni au wa shimoni, na mwambie fundi kila nondo ifunikwe na zege kwa unene usiopungua sentimita tano, hata akisema anapoteza zege.

Upande unaoelekea baharini panda mivinje, mti mmoja kila baada ya mita mbili, safu mbili zilizopishana. Mti huu hustahimili chumvi na mchanga mtupu, ingawa chini yake hakitaota kitu cha maana kwa sababu ya majani yake yanayoanguka na kutandazika. Kabla ya yote hayo, hata hivyo, pima umbali kutoka baharini: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda ukanda wa mita 60 kutoka kwenye maji, na ukuta uliomo ndani ya ukanda huo unaweza kuamriwa kubomolewa, hata ukiwa umejengwa kwa ustadi wa namna gani. Na tafadhali, usisimike vipande vya chupa juu yake. Mwizi hutupia gunia akapanda. Anayekatwa ni mtoto anayefuata mpira wake.

*Kiwanja changu kipo kwenye mteremko, Lindi mjini. Nilijenga ukuta wa mpaka upande wa juu, na sasa umeanza kupinda kuelekea kwangu. Fundi anasema niongeze plasta. — Baba wa familia, Lindi*

Plasta haitasaidia hata kidogo, na ningekushauri watoto wasicheze karibu na ukuta huo mpaka mvua ziishe. Ulichokijenga ni ukuta wa mpaka, lakini kazi unayoifanyisha ni ya kuzuia udongo, na hizo ni kazi mbili tofauti kabisa. Udongo wa upande wa juu ukilowa huwa mzito, maji yanayokosa pa kutokea huusukuma ukuta kwa nguvu kuliko udongo wenyewe, na unene wa tofali moja hauna cha kujitetea nacho.

Hatua ya haraka ni kuyapa maji njia. Toboa matundu sehemu ya chini ya ukuta, moja kila baada ya mita moja na nusu au mbili. Nyuma yake fukua udongo taratibu na ujaze kokoto, ili maji yashuke bila kuzibwa na matope. Upande wa juu chimba mfereji unaoyapokea maji ya jirani na kuyapeleka pembeni, baada ya kukubaliana naye, kwa kuwa hayo maji yana haki ya kuteremka lakini hayana haki ya kupita chumbani kwako.

Kwa muda mrefu, achana na ukuta mmoja mrefu. Ukate mteremko kwa matuta mawili au matatu, kila moja likiwa na ukuta mfupi wa mawe usiozidi futi tatu, ulioinama kidogo kuelekea mlimani na kupangwa bila saruji ili maji yapenye katikati ya mawe. Juu ya kila tuta panda majani ya vetiva, ambayo mizizi yake hushuka wima kwa mita mbili na zaidi. Matuta hayo yatakupa mahali pa mboga na maua, jambo ambalo ukuta haukupi. Kama kuna sehemu isiyoepukika ambapo udongo utazuiwa kwa kimo kinachozidi mita moja, hapo mwite mhandisi.

*Tupo Masasi. Uzio wetu wa nguzo za mbao na seng'enge hauvuki miaka miwili: mchwa wanaumaliza. Tumepaka oili chafu bila mafanikio. Tutumie mbao gani? — Kikundi cha wafugaji, Masasi*

Ndugu zangu, chukueni nguzo moja iliyoanguka, muikate kwa msumeno katika sehemu iliyokuwa usawa wa ardhi, kisha muangalie mkato wake. Mtaona pete ya nje iliyo nyeupe, na moyo wa ndani wenye rangi nzito. Ile nyeupe imeliwa ikabaki vumbi lililochanganyika na udongo, na kama mti ulikuwa mchanga, moyo wake ni mwembamba kama kidole au haupo kabisa. Mnanunua nguzo changa kwa sababu ni nyepesi na bei yake ni ndogo, na mchwa wanakula kile mlichowanunulia.

Mkongo na mninga vina moyo unaowashinda mchwa kwa miaka mingi, na mpingo unawazidi wote, ingawa ni hasara ya ajabu kuchimbia ardhini mti ambao watu wa Kilwa wanauvuna kwa utaratibu maalumu na kuuzia viwanda vya vyombo vya muziki. Miti hii yote ni ya asili, na kuikata au kuisafirisha kunahitaji kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu. Kwa uzio wa mifugo mimi nisingeitafuta. Ningenunua nguzo za mkaratusi zilizotiwa dawa kwa mtambo, ambamo dawa hupenya ndani kwa shinikizo, jambo ambalo brashi haliwezi. Oili chafu hubaki juu ya ngozi ya mti. Ufa wa kwanza ukitokea mchwa hupita hapo, na oili yenyewe huchuruzika hadi kwenye udongo na visima. Iacheni.

Njia iliyo bora kwa kikundi, kwa kuwa nguvu kazi mnayo, ni kufyatua nguzo za zege wenyewe. Tengenezeni kibao cha kufyatulia chenye upana wa sentimita kumi kwa kumi na urefu wa mita mbili na nusu, laza nondo nyembamba nne, moja kila pembe, na mimina zege la ndoo moja ya saruji, mbili za mchanga na nne za kokoto ndogo. Nguzo ikishafunguliwa ifunikwe kwa magunia na kumwagiliwa maji kwa siku saba angalau. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: huianika juani siku ya pili, ikakauka kabla haijakomaa, na ikavunjika siku ya kuibeba. Ichimbieni sentimita sitini hadi sabini. Nguzo za pembeni na za mlangoni ziwekewe mihimili ya mshazari pande zote ambako waya unavuta, kwa sababu uzio wa waya huanza kulegea kwenye pembe, kisha watu hulaumu waya.

Katikati ya nguzo za zege mnaweza kuweka nguzo hai, yaani vipande vya grisidia au mlonge vyenye unene wa mkono, vinavyochomekwa mvua zikianza na kuchipua. Kwa kawaida mchwa hawali mti ulio hai na wenye afya, na majani ya grisidia mbuzi wenu watayafurahia.

*Shikamoo mwandishi. Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Newala. Sina uwezo wa ukuta. Nataka wigo wa miti utakaozuia mbuzi na macho ya watu, lakini maji huku ni ya kununua. Nipande nini? — Mama wa Newala*

Marahaba, mama. Swali lako ndilo lililonifurahisha kuliko mengine yote katika fungu hili, na naomba nilijibu kwa urefu, kwa kuwa wigo uliopandwa vizuri hudumu kuliko ukuta wa watu wengi wenye uwezo.

Nianze na mimea ambayo utashauriwa na majirani. Mnyaa hushika kwa urahisi usio na mfano: unakata kijiti, unakiacha kikauke donda kwa siku chache, unakichomeka, basi. Mbuzi haugusi, ukame hauujui. Lakini utomvu wake mweupe ukiingia machoni huunguza vibaya na unaweza kumpotezea mtu uwezo wa kuona kwa muda, na watoto wanne hawawezi kukaa karibu na mti unaotoa maziwa bila kuuvunja. Mbono kaburi nao hushika upesi, na vijiti vyake vikichomekwa kila baada ya sentimita ishirini hivi hufunga vizuri, ila mbegu zake zina sumu. Mtoto akila chache tu, zikiwa na ladha ya karanga, atatapika na kuharisha mpaka apelekwe hospitali. Mkonge unafaa shambani. Uani, ncha zake zipo katika usawa wa macho ya mtoto. Kama watoto wako wangekuwa wamekua, ningekuambia uchague mnyaa na kumaliza habari.

Kwa hali yako nakushauri upande mchongoma. Una miiba mirefu ambayo mbuzi mzima huiheshimu, hustahimili ukame ukishashika, huchipua kila unapokatwa, na matunda yake ya manjano, ingawa ni makali, huliwa na kutengenezwa jamu. Uwanda wa Makonde, kwa kuwa uko juu na una hewa ya wastani, unaukubali. Oteshea mbegu kwenye mifuko au makopo miezi michache kabla ya mvua, ambapo kikombe kimoja cha maji kwa siku kinatosha miche mingi. Panda mvua zikishalowesha ardhi hadi kina cha mkono, ambayo mara nyingi ni katikati ya Desemba, na usidanganyike na manyunyu ya kwanza. Weka safu mbili zilizoachana nusu mita, miche ya safu ya pili ikitazamana na nafasi za safu ya kwanza, na kutoka mche hadi mche uache sentimita thelathini hadi arobaini. Kila mche uwe ndani ya kibeseni kidogo cha udongo, kilichofunikwa na majani makavu au maganda, kwa sababu mchanga wenu mwekundu hunywa maji upesi na kuyapeleka chini ambako mche mdogo hauyafikii.

Halafu inakuja kazi ambayo watu huiogopa. Mche ukifika magotini, ukate ubaki kimo cha kiganja na nusu. Najua utauma moyo. Mche usiokatwa hupanda juu ukawa mti mmoja wenye shina tupu chini, na hapo chini ndipo mbuzi na kuku wanapopita. Uliokatwa mapema hutoa matawi kuanzia ardhini. Rudia kila unapoongezeka futi moja, na upunguze pande zake ili wigo uwe mpana chini na mwembamba juu, kwa kuwa matawi ya chini yakikosa jua hufa. Misimu miwili ya mwanzo uuzungushie matawi makavu ya miiba, maana mbuzi hula machipukizi laini kabla miiba haijakomaa.

Pale mbele ya nyumba, ambako unataka kupendeza, panda bogenvilia mbili au tatu na uziegemeze kwenye fito. Haitaki maji mengi. Ukiimwagilia kupita kiasi hutoa majani na kuficha maua. Maji ya kuoshea mboga yanatosha kabisa.

*Nina nyumba ya zamani ya mawe, Mikindani, niliyoirithi. Nataka kujenga banda la makuti uani la kupumzikia na kupokea wageni, na pia kukarabati ukuta wa nyuma uliobanduka. Naomba mwongozo. — Msomaji wa Mikindani*

Nianze na ukuta, kwa kuwa banda likikosewa huezekwa upya, lakini ukuta wa kale ukikosewa umekosewa. Ukuta wako umejengwa kwa matumbawe na chokaa, mchanganyiko uleule uliosimamisha majengo ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, ambayo magofu yake yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Ukuta wa namna hiyo hunyonya unyevu na kuutoa. Fundi akiupaka plasta ya saruji, unyevu hufungiwa ndani, chumvi hujikusanya nyuma ya plasta, na baada ya misimu michache plasta hudondoka ikiwa imeshikana na jiwe, kwa hiyo unapoteza ukuta wenyewe. Tumia chokaa iliyolowekwa vizuri na mchanga safi, tabaka jembamba baada ya jembamba, kila moja likipewa muda wa kukauka kivulini. Mawe ya kuzibia mapengo yatoke kwenye vifusi vya kuta zilizoanguka au machimbo ya nchi kavu. Matumbawe ya baharini yasiguswe. Na kwa kuwa Mikindani ni mji wa kale, pitia kwanza kwa ofisi inayohusika na mambo ya kale kabla hujabomoa hata dirisha.

Sasa banda. Mahali pake paamuliwe na jua. Huku kwetu, kwenye nyuzi kumi kusini mwa ikweta, jua la adhuhuri huwa karibu utosini kwa muda mrefu wa mwaka: kuanzia mwishoni mwa Oktoba hadi mwishoni mwa Februari huelemea kusini kidogo, na miezi iliyobaki huelemea kaskazini. Adhuhuri, basi, paa lenyewe ndilo litakalokukinga. Linalowasumbua wageni ni jua la saa kumi jioni, ambalo huingia chini ya paa kutoka magharibi. Upande huo shusha paa zaidi, au uweke ukingo wa fito zilizoachana ambazo mmea utatambaa juu yake. Pande nyingine ziache wazi, upepo wa bahari ufanye kazi yake.

Paa liwe na mwinamo mkali, usiopungua nyuzi 45. Makuti yaliyolazwa kwenye mwinamo mdogo hayamwagi maji upesi. Hulowa, huoza, na huanza kuvuja mwaka wa pili. Nunua makuti ya viungo, ambayo majani yake yamekunjwa na kushonwa kwenye kijiti, na uyapange kwa kukaribiana sana. Makuti ya kumba, yaliyosukwa kwa kuti zima, yabaki kwa ua na mabanda ya muda. Kabla hujalipa, shika kuti moja ulinyanyue juani: ukiona mwanga ukipenya kwa wingi katikati ya majani, aliyelishona alikuwa anabana matumizi. Paa lililoezekwa kwa kubananishwa huweza kudumu miaka mitatu hadi mitano. Lisiwe chini ya mwembe au mkorosho, ambapo halitakauka baada ya mvua.

Nguzo zisisimame ndani ya udongo. Kila moja ikae juu ya jiwe au kikalio cha zege kilichoinuka kiganja kimoja kutoka ardhini, ili mchwa wakipanda uione njia yao ya udongo na kuifuta. Kama fundi atakuletea boriti za mikoko, muulize kibali chake. Mikoko yote ya mwambao ni hifadhi, na boriti isiyo na kibali itakuletea matatizo hata ukiwa umeinunua kwa nia njema. Mwisho, jiko la mkaa na makuti havikai pamoja. Banda liwe mbali na jiko, upande ambao upepo hauleti cheche, na usipitishe waya wa umeme ndani ya paa.

*Jirani amesogeza wigo wake hatua mbili ndani ya kiwanja changu akidai mkorosho ulio hapo ulipandwa na babu yake. Nijenge ukuta upesi kabla hajasogea tena? — Msomaji wa Ruangwa*

Usijenge. Ukuta uliojengwa juu ya mgogoro huanguka kwa nyundo ya mahakama. Kama kiwanja kimepimwa, omba mpima ardhi wa halmashauri aje azionyeshe bikoni, yaani alama za mpaka, na jirani awepo siku hiyo. Kama ni ardhi ya kijiji isiyopimwa, peleka jambo kwenye serikali ya kijiji na baraza la ardhi la kijiji, ukiwa na wazee wanaoikumbuka mipaka. Mara nyingi huwa kuna mstari wa zamani wa minyaa au mikonge ambao kila mtu mzima anaujua. Mkorosho unaozaa una thamani yake, na upo uwezekano kwamba ardhi ni yako ilhali mti ni wake, jambo ambalo baraza huweza kulipatanisha kwa fidia au kwa kugawana mavuno. Baada ya hapo omba kibali cha ujenzi. Ukiwa kando ya barabara kuu, kumbuka kwamba hifadhi ya barabara ni mita 30 kila upande kutoka katikati, kwa hiyo pima kabla ya kununua hata tofali moja.

*Geti langu la chuma na wavu wa uzio vimeliwa na kutu kabla ya kumaliza mwaka wa tatu. Nifanyeje? — Msomaji wa Kilwa Masoko*

Wavu uliokwisha kutoboka hauponi. Ubadilishe kwa ule uliofunikwa na plastiki, na funga kila ncha iliyokatwa kwa rangi, kwa sababu chumvi huanzia hapo. Geti linaokolewa. Likwangue kwa brashi ya waya hadi chuma king'ae, lioshwe kwa maji baridi yasiyo ya kisima cha chumvi, likauke kabisa, kisha lipakwe rangi ya kuzuia kutu siku hiyohiyo, maana likilala wazi usiku mmoja tu kutu huanza upya chini ya rangi. Juu yake paka rangi ya mafuta mara mbili. Angalia pia sehemu ya chini ya mabomba ya fremu: mengi huchomelewa yakiwa yamezibwa pande zote, unyevu ukajikusanya ndani, na geti likaoza kutoka ndani wakati nje linang'aa. Toboa tundu dogo chini ya kila bomba. Bawaba zitiwe grisi kabla ya kusi kuanza, na baada ya mvua kwisha. Ukiamua kununua jipya, chukua jepesi lenye fito zilizoachana. Mageti mazito ya bati zima, yenye simba wawili wa dhahabu, hupokea upepo wote na kung'oa nguzo zake, na simba wenyewe hupauka mwaka wa kwanza.